Jibu: Kiyoyozi au ramani bora kwa nyumba ya Kisumu?

Ndugu, umeuliza kama nyumba unayotaka kujenga Kisumu itahitaji kiyoyozi. Nakusihi uanze na ramani. Kwa kuwa mji huu uko karibu kabisa na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri huzichoma kuta za mashariki na magharibi, hivyo mwombe msanifu aelekeze pande ndefu kaskazini na kusini, na upande wa magharibi aweke bafu na stoo badala ya vyumba vya kulala. Usibane matumizi kwenye paa, kwani mabati yasiyo na dari huifanya sebule tanuri kufikia saa nane. Weka dari, acha matundu yenye wavu wa mbu chini ya kenchi (fremu inayobeba paa), na upake mabati rangi nyeupe. Madirisha yatazamane, upepo wa ziwani upite.