Kumripoti dereva mwenzako si kumchongea

Niliwahi kuripotiwa, na aliyeniripoti ni dereva mwenzangu wa trela, mtu niliyezoea kula naye sahani moja. Siku ile niliamka saa kumi alfajiri ili niwahi kupakia. Foleni ya kupakia ikala mchana wote, turubai tukalifunga jua likizama, na badala ya kulala nikawasha gari. Saa nane usiku nilikuwa bado niko kwenye usukani. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu. Trela langu lilipolamba mstari wa pembeni mara ya kwanza, alinyamaza. Mara ya pili akapiga honi. Mara ya tatu akanimulikia taa mfululizo mpaka nikaingia kituo cha mafuta.

Akaja dirishani akaniambia, "Kaka, lala kidogo." Nikamjibu niko sawa, nimebakiza kipande kifupi tu. Hakubishana nami. Alirudi kwenye gari lake, na kabla sijamaliza maji ya kunywa simu yangu ikalia. Msimamizi wa safari akaniamuru nizime injini na nisiiwashe mpaka kupambazuke.

Nilichukia. Nilimwita mnoko mbele ya utingo wake, nikapanda kitandani bila kuvua viatu. Asubuhi nilipozunguka gari kulikagua, nikakuta majani mabichi yamenasa kwenye madigadi ya nyuma ya trela, yameng'oka na mizizi na udongo wake. Nikasimama pale nikijaribu kukumbuka nilikoyazoa. Sikukumbuka. Gari zima na mzigo wake lilitoka barabarani chini ya mikono yangu, likarudi, na mimi sina habari.

Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, lori linapita meta 22 kila sekunde. Usingizi ukikupitia sekunde nne tu, umeshakwenda karibu meta 90 na gari halina dereva. Watafiti wamepima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kutenda hushuka kiasi cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi usiku ule nilikuwa nimefikisha saa 22. Ningekuwa nanuka pombe, mwenzangu angeninyang'anya ufunguo na kila mtu angempa mkono. Kwa kuwa ulikuwa usingizi, nilimtukana.

Ndiyo maana dereva kijana akiniuliza kama ni sawa kumripoti mwenzake, namjibu sema. Ila angalia unasema nini, na unamwambia nani.

Kwanza tenganisha kosa na tabia. Mwenzako akisahau indiketa, au akikosea gia mlimani, hilo halina haja ya kufika ofisini. Mwambie mkikutana, naye siku nyingine atakwambia la kwako. Sote tunakosea, na ofisi inayopelekewa kila kitu mwishowe haisikii kitu. Yako mengine hayasubiri mkutane: pombe, usingizi, kuovateki kwenye kona, kubana gari dogo kwa nyuma mpaka mwenye gari hilo haoni kitu kwenye kioo chake isipokuwa bampa lako. Na liko moja linaloniuma zaidi kwa sababu vijana hufundishwa na wakubwa zao kama ujanja wa kazi, nalo ni kushuka mteremko mrefu gari likiwa nyutro ili kubana mafuta.

Hili nataka nilieleze vizuri. Gari likiwa kwenye gia, injini inasaidia kulishika. Ukiweka nyutro umeiondoa injini, uzito wote umeutwisha breki. Dramu za breki zinapata moto, zinapanuka, msuguano unapungua, na kila unapokanyaga pedali unapata breki kidogo kuliko ulivyopata dakika moja iliyopita. Utasikia kwanza harufu, halafu utaona moshi kwenye matairi ya trela. Hapo mara nyingi umeshachelewa, maana kuirudisha gia gari likiwa limeshakolea mwendo ni kazi ngumu, na mara nyingine haiwezekani. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka mara nne. Dereva anayefanya hivi kila safari hajawahi kupata ajali, mpaka siku atakapoipata, na chini ya mteremko kuna watu wasiojua chochote kuhusu mafuta aliyoyabana. Huyo nikimwona namwambia uso kwa uso. Nikimwona tena, napiga simu.

Najua jibu linalokuja: unamkata mwenzako riziki, ana watoto. Silipuuzi, kwa sababu nina watoto pia. Lakini ajali moja inakata riziki zaidi ya ripoti yoyote, na haimkati yeye peke yake. Hata hivyo nakubali kwamba ofisi ambayo dawa yake ya kila kitu ni kufukuza, inawafundisha madereva kunyamaza. Kwa hiyo unaporipoti, ripoti na chanzo. Mwenzangu usiku ule hakusema "fulani ni mzembe." Alisema fulani amekaa kwenye foleni ya kupakia tangu asubuhi, hajalala, na gari linayumba. Ile sentensi ya foleni ndiyo iliyoniokoa kazini. Baada ya hapo ofisi ikakubali kwamba anayeshinda kwenye kupakia haondoki usiku huohuo.

Na chunga sana usije ukatoa hukumu. Hapa niliwahi kukosea vibaya. Niliona lori la watu wengine likiyumba mchana kweupe, likipunguza mwendo na kuongeza bila sababu. Nikasimama, nikapiga namba iliyoandikwa nyuma ya trela, nikasema, "Dereva wenu amelewa." Walipomfikia, hakuwa na tone la pombe. Alikuwa mgonjwa wa kisukari na sukari ilikuwa imemshuka: jasho, maneno ya kukokota, akili haipo pale. Kwa maneno yangu walikwenda wamejiandaa kumkamata mlevi, wakati mtu alihitaji kitu chenye sukari mara moja. Nashukuru waliofika waligundua upesi. Lakini ningesema tu nilichokiona, kwamba gari linayumba na mwendo unapanda na kushuka, wangefika wakiwa tayari kwa lolote.

Tangu hapo naripoti kwa macho. Namba ya gari, na hapa uwe mwangalifu, kwa sababu namba ya trela na ya kichwa, yaani gari la mbele linalolivuta, zinaweza kutofautiana, hivyo ukiweza taja zote na useme ipi ni ipi. Saa ngapi. Sehemu gani, likielekea wapi. Amefanya nini, mara ngapi. Basi. Usimfukuze ili upate ushahidi zaidi, maana hapo barabara ina magari mawili ya hatari badala ya moja. Usishike simu ukiwa unaendesha. Mpe utingo, au simama pembeni kwanza.

Kuna mtindo wa kumrekodi mtu na kumrusha kwenye makundi ya simu. Sitaki kuuita ripoti. Mwenye gari anaweza asiione kabisa, dereva anadhalilishwa mbele ya familia yake, na kesho asubuhi anaingia barabarani na tabia ileile. Kama una video, mpe mwenye uwezo wa kumsimamisha.

Mara nyingine anayestahili kuripotiwa ndiye huyo ungempigia. Bosi anakutumia ujumbe kwamba mzigo ufike kesho asubuhi, na wewe ukipiga hesabu unaona haufiki bila kukimbiza usiku kucha. Usiufute ujumbe huo. Mjibu kwa maandishi kwamba muda hautoshi na taja muda unaotosha. Akisisitiza, nenda kwa polisi wa barabarani au kwa mamlaka inayosimamia usafirishaji mahali ulipo, ukiwa na maandishi mkononi. Si jambo jepesi, hasa kwa dereva mpya. Lakini gari likianguka, atakayeulizwa kwanza ni aliyeshika usukani.

Kwa upande wa anayeripotiwa, nina ombi moja kutokana na nilivyokosea. Usitafute ni nani. Uliza ni nini, wapi na saa ngapi, halafu rudi ukaangalie gari lako na ratiba yako ya kulala. Mimi nilitumia wiki mbili bila kumsalimia mtu aliyeniokoa. Nilipomwendea hatimaye, nilimweleza habari ya yale majani. Akaniambia kwamba kabla ya kupiga simu alikaa kwenye kebini yake simu ikiwa mkononi, akijua kabisa kwamba nitamchukia.

Siku hizi namba ya msimamizi wa safari nimeibandika upande wa utingo, juu ya dashibodi, kwa herufi kubwa. Kijana ninayesafiri naye sasa nilimwonyesha namba hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha jinsi ya kufunga turubai. Nilimwambia akiona nimegusa mstari mara mbili asiniulize kama niko sawa, maana nitamjibu niko sawa. Apige.