Maswali ya Wasomaji: Mashamba Yasiyo na Ua

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, huku Marangu kihamba cha mtu, yaani shamba lake la nyumbani, hujulikana kwa mpaka wake wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Nimeambiwa kwamba Uingereza kuna kijiji ambacho wakulima wake hulima mashamba yasiyotenganishwa kwa ua. Je, hawagombani? — Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, bila shaka umeambiwa habari za Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire. Zamani vijiji vingi vya Uingereza vililima hivyo, lakini katika karne ya 18 na ya 19 sheria za Bunge ziliruhusu mashamba ya wazi yagawanywe na kuzungushiwa ua. Laxton kilisalia na mashamba makubwa matatu, ambayo kila moja limegawanywa katika vipande virefu vyembamba vinavyolimwa na wakulima mbalimbali, nayo hupokezana kwa zamu: moja hupandwa ngano, la pili mazao yanayopandwa majira ya kuchipua, baada ya baridi kali, na la tatu hupumzishwa. Ramani yake ya mwaka 1635, inayohifadhiwa Oxford, inaonyesha vipande hivyo kimoja kimoja.

Kuhusu ugomvi, wanadamu ni wale wale. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, baraza la wakulima hukagua shamba la ngano, hupigilia vigingi vya mipaka, na huandika jina la aliyelima akaingia njiani; kisha mahakama ya kijiji, ambayo kwa maoni yangu wazee wetu wa mtaa wangeielewa mara moja, humtoza faini.