Mteremko ndio unaowaangusha wengi

Ndugu, umeuliza kwa nini mkimbiaji hodari wa marathoni ya barabarani anaweza kushindwa kumaliza Ultra-Trail du Mont-Blanc, mbio zinazoanzia Chamonix, Ufaransa, na kuuzunguka mlima Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi kwa takriban kilomita 170. Wengi huogopa kupanda, ambako kwa jumla hufikia mita 10,000 hivi, lakini kwa maoni yangu mteremko ndio unaowaangusha: kila hatua ya kushuka huilazimisha misuli ya mapaja kujikaza huku ikivutwa, nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na mtu aliyezoea lami tu huweza kufika Courmayeur, mji wa Italia ambako bado hajatimiza nusu ya safari, magoti yakiwa hayakunjiki tena bila maumivu. Mazoezi ya kushuka milima ndiyo ayape kipaumbele, miezi mingi kabla.

Tumbo nalo husumbua, kwa sababu damu nyingi huelekea kwenye misuli, hivyo ajizoeze kula akiwa mwendoni. Usingizi je? Mbio huanza jioni. Kilian Jornet, mkimbiaji wa milimani kutoka Uhispania aliyeshinda mbio hizi mara nne, alitumia saa 19 na dakika 49 mwaka 2022, ilhali wakimbiaji wengi wa kawaida hukesha usiku wa kwanza na wa pili. Tafadhali asidharau baridi pia, kwani Grand Col Ferret, njia ya mlimani kati ya Italia na Uswisi, iko juu ya mita 2,500, na huko koti la mvua huokoa maisha.