Muulize Ami: Maji yananuka rangi, karatasi inasema ni salama

*Ami, salaam aleikum. Mie nakaa Mombasa upande wa bara, tumepakana ukuta na ukuta na kiwanda, kinatengeneza nini hata sie hatujui vizuri, usiku ndio kinafanya kazi sana. Maji tunachota kwa kioski, ni ya boholi moja na mtaa mzima tunaitegemea hiyo hiyo. Tangu Ramadhani yananuka kama rangi ya ukuta, sio kila siku lakini, siku ingine hayana kitu. Nachemsha, natia Waterguard, wapi. Kitinda mimba wangu tumbo kila saa na hataki kula. Tukachanga tukapeleka maji yapimwe, karatasi ikarudi imeandikwa salama. Sasa sie ni vichaa ama?*
*Mama Watatu*

Waaleikum salaam Mama Watatu. Vichaa hamko.

Naanza na sufuria maana hiyo ndio imenitia wasiwasi. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Kama mna madini ya risasi humo hayaendi na mvuke, maji yanapungua yenyewe yanabaki palepale, yaani kikombe chako cha chai kinaweza kuwa kibaya kuliko mtungi uliochota. Na zile kemikali zenye harufu ya rangi, tina ya kuyeyushia rangi, petroli, zinapanda na mvuke na anayezivuta ni wewe uliyeinamia jiko. Waterguard ni klorini, kazi yake kipindupindu na jamaa zake, madini haiyawezi.

Sasa hiyo karatasi. Itoe uisome tena uone walipima nini. Nadhani utakuta vijidudu, pH, chumvi, ugumu wa maji, na labda floraidi. Maabara inapima kile ulichoomba na kulipia, ukisema tu "nipimieni maji" watakuangalizia kama choo kimeingia kisimani, mambo ya kiwanda hawagusi kabisa. Rudi uombe kwa majina: risasi, kadmiamu, kromiamu, na viyeyusho vya rangi na mafuta. Chupa waombe wao wenyewe maana ya madini inatiwa asidi kidogo na ya viyeyusho inajazwa hadi mdomoni isibaki hewa. Alafu chota siku ile inanuka, sio ile siku maji yametulia unaenda kwa sababu ndio umepata nafasi! Chota na ya kisima cha mbali mlinganishe. Andika tarehe na saa, piga picha, uwe na mashahidi wawili ambao si ndugu zako.

Pua yako usiidharau. Tarehe 9 Januari 2014 huko Charleston, West Virginia, Marekani, tangi la kampuni ya Freedom Industries lilivuja kemikali ya kuoshea makaa ya mawe inaitwa MCHM ikaingia mto Elk, kama maili moja na nusu tu juu ya pale kampuni ya maji inapovuta. Watu kama 300,000 wakaambiwa msinywe, msipikie, msioge, mwageni chooni tu. Watu walikuwa washaisikia kwa pua, harufu tamu kama urukususu. Na hizo mashine zao zote, kiwango salama cha hiyo kemikali kwenye maji ya kunywa hakikuwa kimewekwa, serikali ikakitafuta mbiombio, na marufuku ilipoanza kuondolewa siku ya nne bado mabomba yananuka. Ila pua peke yake pia haitoshi, risasi haina harufu wala ladha.

Na mbona twende mbali, mtaa wa Owino Uhuru si uko hapo hapo Mikindani. Kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu za gari tangu 2007, mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi humo, Phyllis Omido, mwanawe akaugua ikaja kuonekana ni risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014, mahakama ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaivuruga, Mahakama ya Juu ikairudisha Disemba 2024. Miaka yote hiyo! Lakini walikuwa na vipimo vya damu na udongo mkononi, ndio nakwambia mambo ya chupa.

Mtoto mpeleke hospitali na useme mwenyewe "nataka apimwe risasi kwenye damu", usiposema watampa dawa ya minyoo mrudi nyumbani. Kwa sasa maji ya kunywa na kupikia tafuteni kwengine, najua ni gharama, basi angalau watoto na wenye mimba. Malalamiko peleka kwa maandishi NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya serikali, na kwa afisa wa afya ya umma, nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Na mkiambiwa "leteni kwanza aliyeugua", Kifungu cha 70 cha Katiba hakitaki uonyeshe umeumia ndio ushtaki.

*Ami, yale mapipa ya bluu ya plastiki wanauza yametoka viwandani, nikiosha na Omo si naweza kuweka maji?*
*Baba Swaleh*

Baba Swaleh, hapana. Plastiki inanyonya kilichokuwemo na inakitoa pole pole, hata uoshe mara kumi. Labda pipa lililokuja na chakula na lebo bado iko. Kama lebo imebanduliwa, muulize muuzaji ameibandua kwa nini.