Kubadili uwiano wa difu au kupunguza mwendo: kipi huokoa mafuta zaidi?

Swali: Gari langu la petroli lina gia tano za mkono, na nikiwa kwenye gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Nimeshauriwa niondoe difu (gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) yenye uwiano wa 4.1, yaani mizunguko 4.1 inayoingia kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, niweke ya 3.5. Je, mafuta yatapungua kwa kiwango kilekile cha mizunguko?

Jibu: Hapana. Mizunguko itashuka hadi takriban 2,560, yaani karibu asilimia 15, lakini kazi ya kulisukuma gari dhidi ya hewa na msuguano wa matairi itabaki ileile. Kitakachopungua ni hasara ya ndani ya injini: msuguano wa pistoni na beringi, pamoja na nguvu inayopotea injini inapovuta hewa kupitia mlango uliofunguliwa kidogo tu. Kwa difu ya 3.5 utalazimika kukanyaga mafuta zaidi kidogo, mlango wa hewa utafunguka zaidi na hasara hiyo itapungua. Injini ya dizeli, ambayo kwa kawaida haidhibitiwi kwa kubana hewa, hunufaika kwa kupungua kwa msuguano peke yake, hivyo faida yake ni ndogo zaidi.

Ukinzani wa hewa, kwa upande mwingine, hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, nguvu ya hewa inayolizuia gari huongezeka mara 2.25. Kwa gari lako, ukishuka kutoka 100 hadi 90, ukinzani huo hupungua kwa asilimia 19, na mizunguko nayo hushuka hadi 2,700 bila kufungua hata nati moja. Faida zote mbili unazipata pamoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia.

Ukiamua kubadilisha difu, fahamu kwamba gari litakuwa zito kuondoka, klachi itachakaa mapema zaidi, na milimani utarudi gia ya nne mara kwa mara. Injini ikitetemeka au kugonga, usiing'ang'anize katika gia ya juu. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lazima libadilishiwe difu zote mbili.

Jambo linalosahaulika mno ni kipimo cha mwendo. Magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma husoma mwendo kwenye giaboksi, kabla ya difu. Kipimo kisiporekebishwa, mshale utaonyesha 100 ilhali gari linakwenda takriban 117. Hiyo ni hatari, tena itakupotosha katika hesabu, kwani kilomita zitahesabiwa pungufu huku mwendo halisi ukila mafuta zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua difu, jaza tangi, safiri kwa 90 kwenda na kurudi katika barabara ileile, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha ulinganishe na safari kama hiyo kwa 100.