Kurudi pale pale hakufuti kazi ya msuguano

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa uhandisi, naishi Kisauni. Kwenye mtihani, sanduku lilisukumwa sakafuni mita 5, kisha likarudishwa lilikotoka. Msuguano ni niutoni 40 kwenda na kurudi. Mwalimu wetu wa tuisheni alitufundisha kwamba kani isiyobadilika huwa ni kani hifadhi, na kazi yake ukizunguka ukarudi ni sifuri. Nikaandika sifuri, nikakosa alama zote. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Kisichobadilika katika msuguano wako ni ukubwa tu. Mwelekeo wake unageuka kila ugeukapo wewe. Kwenda umekula jouli 200, kurudi umekula 200 nyingine. Jumla ni hasi 400, na zote zimekuwa joto sakafuni na chini ya sanduku. Uzito ndio usiobadilika kweli, maana huvuta chini ukipanda na huvuta chini ukishuka. Sanduku la kilo 20 likipandishwa ghorofa ya mita 3, uzito hufanya kazi ya hasi jouli 588. Likiteremshwa, chanya 588. Lipitishe ngazi za nyuma au livute kwa kamba hadi dirishani, hesabu ni ile ile.

Alama zako ziliondoka kihalali. Linalonikera mimi ni hizi njia za mkato za tuisheni, na iko moja mbaya zaidi ya hiyo yako: eti kani inayotegemea mahali tu lazima iwe hifadhi. Kwenye mstari mmoja ulionyooka ni kweli. Ukitoka kwenye mstari, si kweli kabisa.

Chora mraba wa mita 1. Tuseme ipo kani inayosukuma mashariki: kwenye ukingo wa kusini ni sifuri, nayo huongezeka niutoni 10 kwa kila mita uendayo kaskazini. Haijali kasi yako wala saa. Sasa zunguka. Mashariki kwa ukingo wa kusini, kazi ni sifuri. Kaskazini ni sifuri pia, kwa kuwa kani imekukingama. Magharibi kwa ukingo wa kaskazini unapambana nayo: hasi jouli 10. Kusini, sifuri. Umerudi ulipoanzia na jouli 10 zimekwenda. Ukizunguka kinyume, unachuma 10 kila raundi.

Wanafunzi wengi huipima kani kwa kwenda na kurudi njia ile ile. Kwa kani inayotegemea mahali tu, kipimo hicho hutoa sifuri daima, hata kwa hii ya mraba wetu! Hakikuambii chochote. Sharti ni kila mzunguko uliofungika utoe sifuri, na kwa vile huwezi kuizunguka yote, tafuta nishati tuli, yaani nishati itokanayo na mahali kitu kilipo, ambayo kani hiyo ni mteremko wake. Ikipatikana, umemaliza. Mzunguko mmoja tu ukikataa kutoa sifuri, usiitafute, haipo.

Kutolijua hili ndiko kunakowalisha wauza jenereta za sumaku. Gurudumu limepangwa sumaku pembeni, eti ukilisukuma mara moja halisimami, na nyumba nzima inawaka bila mafuta wala jua. Wallahi nimechoka kuulizwa juu yake. Sumaku za kudumu zilizofungwa mahali pamoja hazina raundi ya faida: zinachokupa ukizikaribia hukunyang'anya ukiziacha, mpaka jouli ya mwisho, kisha beringi nayo ichukue yake. Tangu Faraday mwaka 1831 tunajua kwamba umeme hupatikana sumaku inapobadilika mbele ya waya, na anayeizungusha ndiye anayelipa. Jenereta za kituo cha umeme cha Kipevu, Mombasa, nazo zina sumaku, lakini zinazungushwa na injini zinazochoma mafuta mazito, na bili zake tunazijua. Akademia ya Sayansi ya Paris iliacha kupokea mashine za kujiendesha milele mwaka 1775. Sisi bado tunazilipia kwa M-Pesa.

Ukionyeshwa moja, omba kifuniko kifunguliwe, betri na nyaya za pembeni zitolewe, kisha iwashe taa ya wati 60 toka asubuhi hadi adhuhuri nawe umekaa hapo hapo. Kabla ya hapo usitoe hata shilingi ya kushikia.