Maswali na Majibu: Mpungate na Vipimo vya DNA

Nina mipungate ya matunda ya njano, mekundu na meupe. Je, hizo si aina tatu?

Kwa macho ni tatu, lakini kwa DNA huenda zikawa ndugu wa karibu mno. Mpungate wa matunda, Opuntia ficus-indica, hupandwa kwa kukata jani (ambalo kwa hakika ni shina lililobapa), kuliacha hadi kidonda kikauke, kisha kulifukia, na kila mche unaopatikana hivyo ni nakala ya mama yake. Mbegu nayo huhadaa, kwa kuwa mara nyingi hubeba viinitete zaidi ya kimoja, na baadhi yake hutokana na tishu za mama peke yake.

Miiba je?

Haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 haukuona mpaka wa kijenetiki kati ya mpungate usio na miiba na Opuntia megacantha ya Meksiko, yenye miiba. Ukahitimisha kuwa wa kwanza ni sura ya shambani ya wa pili.

Kwa nini maabara, kwa kila sura ya DNA inayopimwa, huandika tu "ipo" au "haipo"?

Kwa sababu mpungate huu una kromosomu 88, yaani seti 8 za kromosomu 11, wakati binadamu ana seti 2 tu. Mahali pamoja kwenye DNA panaweza kuwa na sura hadi 8 tofauti, na mstari unaoonekana kwenye jeli, inayotumika kutenganisha vipande vya DNA, hausemi sura hiyo imejirudia mara ngapi. Hata kabla ya kufika hapo kuna uteute, unaovutika kama wa bamia na kuizuia PCR (njia ya kunakili DNA maabarani) isifanye kazi, ndiyo maana huchukuliwa majani machanga. Kwa maoni yangu, anayeweza kumudu gharama atumie maikrosatelaiti (kipimo cha vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia), kwani RAPD (kipimo kinachonakili vipande vya DNA vya kubahatisha) ni rahisi lakini majibu yake hayarudiwi kwa urahisi katika maabara nyingine.

Gharama yote hiyo ya nini?

Iulizwe Moroko, ambako kochinili, Dactylopius opuntiae, mdudu anayefyonza mipungate, alionekana mwaka 2014 na kuteketeza mashamba mengi mno. Watafiti wa huko walipekua mkusanyo wa mipungate na kupata aina 8 zinazostahimili. Mkusanyo wenye nakala za mmea mmoja chini ya majina mia usingewapa hata moja.